Kushika, Kusokotoa na Kufumua: Protini E1 ya Virusi vya Papiloma katika Kuanzisha Urudufishaji wa DNA

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna protini E1 ya virusi vya papiloma inavyoishika DNA ya virusi hivyo na kuzitenganisha nyuzi zake mbili ili urudufishaji uanze. Ufafanuzi umejengwa juu ya matokeo yaliyochapishwa ya uchunguzi wa fuwele, hadubini ya elektroni na majaribio ya kibiokemia, hasa yale yaliyofanywa kwa virusi vya papiloma vya ng'ombe aina ya 1. Hoja inayotetewa ni kwamba maelezo mengi ya tukio hili huyachanganya matendo mawili, yaani kuisokotoa DNA na kuzifumua nyuzi zake, ilhali E1 huyatekeleza ikiwa katika maumbo mawili tofauti. Makala inaonyesha pia kwa nini utengano huo una uzito kwa wanaotafuta dawa ya kuzuia urudufishaji wa virusi hivi.

1.0 Utangulizi

Virusi vya papiloma vya binadamu, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV, vina jenomu ndogo mno. Ni duara moja la DNA yenye nyuzi mbili na takribani jozi 7,900 za besi. Katika nafasi hiyo finyu hakuna jeni la polimerasi ya DNA, wala la kutengenezea nukleotidi. Karibu kila kinachohitajika katika urudufishaji huazimwa kutoka katika seli iliyoambukizwa. Kimeng'enya ambacho virusi hivi hubeba jeni lake vyenyewe ni kimoja tu, nacho ni E1, protini yenye asidi amino zipatazo 650 katika HPV aina ya 16.

Umuhimu wa kimeng'enya hicho hauishii katika maabara. Mwaka 1983 kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilitangaza kuipata HPV aina ya 16 katika uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka uliofuata likatangaza aina ya 18. Kazi hiyo ilimpatia zur Hausen Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008. Aina hizo mbili kwa pamoja huhusishwa na takribani asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Nchini Tanzania saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake, na katika Afrika Mashariki kwa jumla imo katika zile zinazoua wanawake wengi zaidi. Chanjo ya HPV iliingizwa katika mpango wa taifa nchini Rwanda mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Chanjo hiyo, hata hivyo, imeundwa kwa protini ya gamba la virusi, na kinga inayoamshwa nayo huvikabili virusi kabla havijaingia ndani ya seli. Haiwezi kuviondoa vilivyokwisha kuingia. Msichana aliyechanjwa kabla ya kuambukizwa ana kinga ya uhakika. Mama yake, ambaye alikuwa mtu mzima chanjo ilipofika, hana budi kutegemea uchunguzi wa mara kwa mara na kuondolewa tishu iliyoanza kuharibika. Hakuna dawa iliyoidhinishwa inayozuia moja kwa moja urudufishaji wa HPV. Pengo hilo ndilo linalowafanya watafiti waitazame E1, na ndilo linaloupa uzito mjadala unaofuata kuhusu namna protini hii inavyofanya kazi.

2.0 Vitenzi viwili visivyopaswa kuchanganywa

Kitenzi kinachomjia mtu kwanza anapoeleza kazi ya helikesi, yaani vimeng'enya vya kundi la E1, ni "kufungua". Kinatosha kwa mazungumzo ya kawaida. Kwa uchambuzi hakitoshi, kwa sababu kinaficha tofauti ambayo anayeijua kamba huiona mara moja.

Kamba ya usumba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili huweza kufunguliwa kwa namna mbili. Mtu anaweza kuishika mahali pawili na kuizungusha kwa mikono inayokwenda pande zinazopingana hadi msokoto ulegee. Nyuzi bado zimelala pamoja, ila hazijazungukana tena. Huko ni kusokotoa. Anaweza pia kupenyeza kidole kati ya nyuzi na kukisukuma mbele, nyuzi zikiachana kila kidole kinapopita. Huko, kwa matumizi ya makala hii, ni kufumua. Matendo haya yanasaidiana, lakini si tendo moja: la kwanza linahitaji mikono miwili inayoshika kamba nzima, la pili linahitaji kitu kimoja kinachokaa kati ya uzi na uzi.

DNA ni msokoto wa nyuzi mbili unaokamilisha mzunguko mmoja kwa kila jozi 10.5 za besi. Jenomu ya HPV, kwa hesabu hiyo, ina mizunguko ipatayo 750. Kwa kuwa jenomu hiyo ni duara lisilo na ncha, mizunguko hiyo haina pa kutokea. Kila uzi unapofumuliwa mahali pamoja, msokoto husukumwa mbele na kuzidi kukaza. Seli hutatua tatizo la mbele kwa topoisomerasi, vimeng'enya vinavyokata uzi, kuruhusu msokoto ulegee, kisha kuunga tena. Lakini topoisomerasi haianzishi chochote. Mahali pa kuanzia, ambapo DNA bado imefungana kikamilifu na hakuna uzi ulio peke yake, kazi ni ya E1.

3.0 Mshenga

E1 ikiachwa peke yake hushika DNA karibu popote. Udhaifu huo wa kuchagua ni wa ajabu kwa protini ambayo kazi yake ya kwanza ni kutafuta sehemu moja ndogo ya duara, na ufumbuzi wake unatoka kwa protini ya pili ya virusi, E2. Protini hii hutambua mfuatano wa ACC na GGT uliotenganishwa kwa besi sita, na kando ya mwanzo wa urudufishaji kuna mifuatano ya aina hiyo. E2 hushika DNA kwa upande mmoja na E1 kwa upande mwingine, na kwa njia hiyo huifikisha E1 mahali pake.

Abbate, Berger na Botchan (2004), waliochunguza fuwele za E1 na E2 za HPV aina ya 18 zikiwa zimeshikana, waliiita E2 kwa jina ambalo Kiswahili kina neno lake kamili: mshenga. Jina hilo linafaa kuliko pengine wenyewe walivyokusudia. Mshenga huwakutanisha watu, lakini hakai nao nyumbani. Fuwele hizo zilionyesha kwamba E2 hukalia uso uleule wa E1 ambao E1 huutumia kujiunga na E1 nyingine. Maana yake ni kwamba E2 inapoileta E1 huwa pia inaizuia isijikusanye kabla ya wakati. Sanders na Stenlund (1998) walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba E2 huondoka kwa mchakato unaotegemea ATP. Ikishaondoka, uso uliokuwa umefunikwa hubaki wazi, na E1 nyingine huweza kuungana na ile iliyotangulia.

E1 yenyewe ina sehemu mbili zinazoshika DNA, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi wa maelezo unapoanzia. Sehemu ya katikati ya protini hushika DNA yenye nyuzi mbili na huutambua mfuatano wa mwanzo wa urudufishaji. Fuwele za sehemu hiyo (Enemark na wenzake, 2000, Enemark, Stenlund na Joshua-Tor, 2002) zilionyesha E1 zikikaa mbilimbili, kisha jozi ya pili ikijipanga jirani ya ile ya kwanza. Sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo injini, haijali mfuatano. Hushika DNA yoyote iliyo mbele yake. Kwa hiyo kusema tu kwamba "E1 hushika DNA" ni kusema nusu ya jambo. Mtego wa katikati ni wa kusimama mahali. Mtego wa mwisho ni wa kusafiri.

4.0 Kutoka jozi hadi utatu

Mwisho wa safari ya E1 unajulikana vyema. E1 kumi na mbili huunda pete mbili, kila moja ikiwa na E1 sita, na kila pete huzunguka uzi mmoja wa DNA. Ugumu upo kabla ya hapo. Pete haiwezi kuzunguka uzi mmoja kama uzi huo bado umekumbatiana na mwenzake. Nao uzi hauwezi kuachana na mwenzake bila nguvu, na pete ndiyo inayojulikana kuwa chanzo cha nguvu. Duara la DNA halina ncha ambayo pete ingeingilia. Vitabu vingi huvuka pengo hili kwa sentensi moja inayosema kwamba mwanzo wa urudufishaji "huyeyuka", kisha helikesi "hupakiwa". Maneno hayo hayaelezi nani anayeyeyusha.

Jibu lililo bora hadi sasa limetoka kwa Stephen Schuck na Arne Stenlund wa Cold Spring Harbor Laboratory nchini Marekani. Katika kazi yao ya mwaka 2005 walionyesha kwamba kati ya hatua ya jozi na hatua ya pete mbili kuna hatua ya tatu ambayo haikutarajiwa: E1 tatu upande huu na E1 tatu upande ule, yaani utatu maradufu. Umbo hili bado limeshika DNA yenye nyuzi mbili. Si pete ya kusafiri. Na ndilo lililohusika na kuachana kwa nyuzi kwa mara ya kwanza.

Kuachana huko kulipimwa kwa kemikali ya kawaida kabisa, pamanganeti ya potasiamu, ileile ya rangi ya zambarau inayotumika kuoshea vidonda. Pamanganeti hushambulia besi za thimini, yaani T, zilizo katika uzi usio na mwenzake, na huziacha kwa kiasi kikubwa zile zilizofungamana na A katika DNA iliyosokotwa. Mahali pa mashambulizi panapobainishwa, mtafiti hujua ni jozi zipi zilizoachana na ni lini. Ni njia ya zamani, haina picha za kupendeza, lakini kwa swali hili ilijibu kile ambacho fuwele hazikuweza kujibu, kwa kuwa fuwele huonyesha umbo lililotulia, na tukio linalotafutwa ni la kupita.

Mwaka 2007 Liu, Schuck na Stenlund waliigeukia sehemu ndogo ya E1: kitanzi kirefu kinachochomoza kutoka katika injini ya protini. Kwenye ncha ya kitanzi hicho, katika E1 ya ng'ombe, kuna asidi amino mbili zinazopakana, lisini ya 506 na histidini ya 507. Mtu angetarajia majirani wa karibu kiasi hicho wafanye kazi moja. Haikuwa hivyo. Kubadilishwa kwa mmoja kuliharibu hatua moja ya mchakato, na kubadilishwa kwa mwingine kuliharibu hatua nyingine. Kitanzi kilekile, kwa hiyo, hutumika wakati wa kuachanisha nyuzi kwa mara ya kwanza na wakati wa kusafiri baadaye, lakini hakitumiki kwa namna moja.

Matokeo ya mwaka 2011 ndiyo yanayobeba hoja ya makala hii. Schuck na Stenlund walizitafuta aina za E1 zilizobadilishwa ambazo uachanishaji wake hukwama njiani. Baadhi yake zilikuwa na kasoro ya pekee: zilishindwa kuachanisha katikati ya mwanzo wa urudufishaji, palipo na sehemu zinazoshikwa na E1 zenyewe. Uchunguzi uliofuata ulibaini sababu. Aina hizo zilishindwa kuisokotoa DNA. Kwa maneno mengine, E1 ya kawaida, kabla haijafumua chochote kwa umbali, huulegeza kwanza msokoto wa sehemu ndogo iliyo kati ya mikono yake miwili, na kulegea huko ni sharti la nyuzi kuachana hapo.

Mfano wa kamba unasaidia hapa kuliko michoro mingi. Utatu maradufu una mikono miwili, mmoja kila upande. Umeshika kamba nzima, si uzi mmoja. Umbo la namna hiyo ndilo hasa ambalo mtu angelihitaji kwa kusokotoa, na ndilo lisilofaa kabisa kwa kufumua. Pete, kwa upande wake, iko kinyume: ni bora kwa kufumua na haina mkono wa pili wa kupinga mzunguko. Ushahidi wa hatua hii, ni kweli, unatokana na biokemia zaidi kuliko picha, na msomaji aliyezoea kuona umbo la kila kitu anaweza kuuona kuwa pungufu. Lakini kasoro inayotengana kwa usafi kiasi hicho, aina moja ya E1 ikipoteza tendo moja na kubaki na mengine, ni hoja nzito kuliko picha isiyo na kasoro ya kulinganishia.

5.0 Pete na usindikizaji

Utatu maradufu ukishaachanisha nyuzi, kila uzi huwa na nafasi ya kuzungukwa. E1 zaidi hujiunga, na kila utatu hukamilishwa kuwa pete ya sita. Ukamilishaji huo una faida nyingine: ATP hukaa kwenye mpaka kati ya E1 moja na jirani yake, na jirani ndiye anayechangia sehemu ya kuivunja. E1 iliyo peke yake, kwa hiyo, ni injini isiyo na nusu ya chumba chake cha kuchomea mafuta.

Picha ya pete ikiwa kazini ilipatikana mwaka 2006. Eric Enemark na Leemor Joshua-Tor, pia wa Cold Spring Harbor Laboratory, walitengeneza fuwele za pete ya E1 ya virusi vya ng'ombe ikiwa na kipande cha uzi mmoja wa DNA tunduni. Vile vitanzi sita, kimoja kutoka kila E1, vilionekana vikielekea katikati ya tundu na kugusa DNA. Havikuwa katika kimo kimoja. Vilipangana kama ngazi ya kuzunguka, kila kitanzi chini kidogo ya kilichotangulia, na kila kimoja kilishika nukleotidi moja. Kimo cha kitanzi kilifuata hali ya ATP pale mpakani: palipo na ATP kitanzi kilikuwa juu, ATP ilipokuwa imevunjwa kilishuka, na mahali palipobaki patupu kilikuwa chini kabisa.

Kutokana na mpangilio huo watafiti hao walipendekeza utaratibu waliouita usindikizaji ulioratibiwa. Kitanzi hupokea nukleotidi kikiwa juu, huisindikiza hadi chini, huiachia, kisha hupanda kuichukua nyingine. DNA haipokezwi kutoka mkono hadi mkono. Anayevuta ndoo kutoka kisimani hufanya vivyo hivyo: mkono ulioshika kamba huendelea kushika palepale mpaka ufike chini, na ni baada ya kuachia tu ndipo hupanda kushika mahali papya. Tofauti ni kwamba E1 ina mikono sita, na wakati wowote kadhaa kati yake inakuwa imeshika, ndiyo maana pete haiteremki ovyo. Kwa hesabu ya utaratibu huo, ATP moja huvunjwa kwa kila nukleotidi moja inayopita, na pete husafiri juu ya uzi wake kutoka upande wa 3′ kuelekea 5′.

Thomsen na Berger (2009) walilinganisha mpangilio huu na ule wa Rho, pete ya protini sita ya bakteria inayosafiri upande wa pili, kutoka 5′ kwenda 3′. Walionyesha kwamba mwelekeo hutegemea zamu: mpangilio wa mikono ukiwa uleule, zamu ya kuvunja ATP ikigeuzwa, pete hurudi ilikotoka. Ni matokeo ya kuvutia, lakini kwa hoja iliyopo hayahitaji zaidi ya kutajwa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kile ambacho fuwele ya 2006 haikuwa nacho. Kipande cha E1 kilichotumika kilikuwa kimekatwa sehemu ya katikati, ule mtego unaotambua mwanzo wa urudufishaji. Pete iliyoonekana ni injini isiyo na mkono wa kusimamia. Umaarufu wa picha hiyo, ambao inaustahili, umefanya wengi waichukue kuwa maelezo kamili ya E1, ilhali inaeleza sehemu inayokuja baada ya nyuzi kuachana tayari.

6.0 Uzi wa pili uko wapi?

Kuhusu kufumua kwenyewe, mjadala uliobaki ni juu ya mahali pa njiapanda ya nyuzi. Mtazamo wa zamani ulitokana na protini ya jamaa, antijeni kubwa T ya virusi vya SV40 vya nyani. Chini ya hadubini ya elektroni, Wessel na wenzake (1992) waliona pete mbili zikiwa zimeshikana na vitanzi viwili vya uzi mmoja vikitokeza kama masikio ya sungura. Ilieleweka kuwa DNA yenye nyuzi mbili huvutwa kuingia ndani ya pete mbili zilizosimama pamoja. Yardimci na wenzake (2012) waliutikisa mtazamo huo kwa kuonyesha kwamba pete moja ya antijeni T huweza kwenda peke yake juu ya uzi mmoja, na hata kupita kizuizi cha protini kilichounganishwa na uzi huo. Pete zinazoshikana zinawezekana, lakini si sharti.

Kwa E1, Lee na wenzake (2014) walitumia mwanga wa molekuli mojamoja na kuhitimisha kwamba pete huzunguka uzi mmoja na kuutenga ule wa pili nje. Mwaka uliofuata Chaban na wenzake, kwa hadubini ya elektroni, waliiona E1 ikiwa na njiapanda ya DNA, na kwao sehemu yenye nyuzi mbili ilikuwa imeingia katika mdomo wa pete, nyuzi zikiachana ndani. Matokeo haya mara nyingi huwekwa kama kambi mbili. Yakisomwa kwa makini yanatofautiana kwa umbali mdogo tu. Pande zote zinakubaliana kwamba sehemu nyembamba ya tundu, penye vitanzi, hupita uzi mmoja, maana DNA yenye nyuzi mbili ina kipenyo cha nanomita 2 hivi na haitoshei hapo. Kinachobishaniwa ni iwapo kabari iko mdomoni mwa pete au hatua chache ndani yake.

Mjadala huo ni halali. Hata hivyo, umechukua nafasi kubwa kuliko stahili yake, kwa sababu jibu lolote kati ya hayo mawili haliligusi swali la namna uzi wa kwanza ulivyopatikana. Mtu anaweza kujua kila kitu kuhusu kidole kinachopita kati ya nyuzi asijue kilivyopenya.

7.0 Mahali pa kuipiga E1

Kwamba helikesi ya virusi inaweza kuzuiwa kwa dawa si ndoto. Amenamevir, iliyoidhinishwa nchini Japani mwaka 2017 kutibu mkanda wa jeshi, hufanya kazi kwa kuzuia helikesi na primasi za virusi vya jamii ya hepesi. Kwa HPV jitihada zimekuwa na matokeo ya kukatisha tamaa zaidi, na mgawanyo wa matendo uliofafanuliwa hapo juu unasaidia kuona sababu.

Shabaha ya kwanza ilikuwa mshenga. Watafiti wa Boehringer Ingelheim nchini Kanada walipata molekuli ndogo zinazokaa juu ya E2 na kuizuia isiishike E1 (White na wenzake, 2003). Zilifanya kazi vizuri kwa HPV aina za 6 na 11, zinazosababisha chunjua za sehemu za siri. Kwa aina ya 16 na ya 18 hazikufaa. Uso ambao E1 na E2 hushikana kwao hutofautiana kutoka aina hadi aina kiasi kwamba ufunguo wa mlango mmoja hauingii katika mwingine. Shabaha ya pili ilikuwa injini, mahali pa ATP. Huko tatizo ni kinyume chake. Chumba cha ATP cha E1 ni cha ukoo mpana wa vimeng'enya ambavyo seli ya binadamu inavyo kwa wingi, zikiwemo protini za MCM zinazofumua DNA ya seli yenyewe. Dawa isiyobagua hapo ingemdhuru mgonjwa.

Kusokotoa ni shabaha ya tatu, na haijashughulikiwa kwa kiwango cha zile mbili. Ina sifa mbili zinazoitofautisha. Kwanza, njia ya utatu maradufu si njia ya seli: MCM za binadamu hupakiwa juu ya DNA yenye nyuzi mbili zikiwa pete kamili mbili, na nyuzi huachana baadaye kwa msaada wa protini nyingine. Pili, matokeo ya 2007 na 2011 yanaonyesha kwamba tendo hili linaweza kuharibiwa peke yake, kwa badiliko la asidi amino moja, bila protini nzima kuporomoka. Tendo linaloweza kuondolewa na badiliko dogo linaweza, angalau kimsingi, kuondolewa na molekuli ndogo. Kikwazo ni kwamba majaribio ya kuchuja dawa za helikesi kwa kawaida hupima ufumuaji: DNA iliyokwisha kuachanishwa upande mmoja huwekwa pamoja na protini, kisha kasi ya kutengana hupimwa. Jaribio la namna hiyo limeivuka hatua ya kusokotoa kabla halijaanza. Molekuli inayozuia kusokotoa pekee ingepita humo ikahesabiwa kuwa haina kazi. Jaribio linalofaa ni lile linaloanza na duara zima la DNA lenye mwanzo wa urudufishaji, likitumia pamanganeti au kipimo kingine cha nyuzi zilizoachana.

Mpaka wa matumizi ya dawa ya namna hiyo nao unapaswa kutajwa. Katika saratani nyingi za mlango wa kizazi DNA ya HPV huwa imejichomeka ndani ya kromosomu ya seli, na mara nyingi uchomekaji huo hukata jeni la E2, wakati mwingine na la E1. Jeni za E6 na E7, zinazoichochea seli kugawanyika, hubaki na kurudufishwa pamoja na kromosomu kwa helikesi ya seli yenyewe. Kwa seli iliyofikia hapo, kuizuia E1 hakubadilishi kitu. Dawa ya E1 ingekuwa na kazi katika kipindi kilicho kabla ya hapo, ambapo duara la virusi bado liko huru na linahitaji kusokotolewa upya kila linaporudufishwa. Kipindi hicho mara nyingi huzidi miaka kumi, na ndicho ambacho mwanamke aliyeambukizwa hugunduliwa akifanyiwa uchunguzi kwa wakati.